Chuo cha Hasheem: Mechi Iliyokesha, na Kombe la Wadada Ambalo Dar Haikuliona

Taja jina la Hasheem Thabeet kwenye kijiwe chochote cha Dar, kuanzia Sinza mpaka Mbagala, na ndani ya dakika mbili ubishi umeshawaka. Wa kwanza atasema jamaa alikuwa noma, Mbongo wa kwanza kucheza NBA, namba mbili kwenye drafti. Wa pili atacheka: "Namba mbili wakati Curry namba saba? Hebu tuheshimiane." Halafu atatokea wa tatu, yule anayejifanya anajua kuliko wote, na yeye atakuja na ile mechi. Ile ya ovataimu sita. "Nyie watoto, ile mechi mimi niliiangalia laivu."

Hapo ndipo pa kumshika shati.

Laivu? Dar? Mwaka 2009?

Mechi yenyewe ilichezwa Alhamisi usiku, Machi 12, 2009, ndani ya Madison Square Garden, New York. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya vyuo vya ukanda wa Big East, Connecticut (UConn, chuo cha Hasheem) dhidi ya Syracuse. Ilianza saa 3:36 usiku kwa saa za kule na ikaisha saa 7:22 usiku. Sasa piga hesabu ya huku. Kwa saa za Dar, mpira ulirushwa saa 10:36 alfajiri ya Ijumaa na kipenga cha mwisho kilipulizwa saa 2:22 asubuhi. Yaani wameanza adhana ya alfajiri bado, na wakati wanamaliza, wanafunzi wameshaingia darasani na foleni ya Morogoro Road imeshashika kama kawaida yake.

Na hiyo ni kabla hujaongelea intaneti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar mwezi Julai 2009, miezi minne BAADA ya mechi hiyo. Kabla ya hapo intaneti ya Tanzania ilikuwa inategemea setilaiti. Unaingia intaneti kafe, unalipia nusu saa, unafungua email moja, muda umeisha. Video ya dakika tatu ilikuwa inazunguka mpaka unaikatia tamaa. Mechi nzima ya karibu masaa manne? Thubutu.

Kwa hiyo ukweli ni huu: kwa karibu kila mtu hapa mjini, kurudia kuiangalia ile mechi ndiyo kuiangalia kwa mara ya kwanza. Watu waliisikia kwanza, wakaisoma gazetini, wakaibishania miaka mingi, ndiyo baadaye bando zilipokuwa za kueleweka wakaikuta YouTube. Na mtu akiiangalia leo bila haraka, kuna mambo mawili yanamgonga. Moja ni kwamba Hasheem alikuwa mchezaji wa aina gani kweli. La pili litakuja huko mbele, na hilo ndilo linalouma.

Jinsi ilivyokuwa

Kwanza kwa wasioujua mpira wa vyuo vya Marekani: wakati ule na mpaka leo kwa wanaume, mechi ni vipindi viwili vya dakika 20. Mkitoka sare mnaongezewa dakika tano. Mkitoka sare tena, tano nyingine. Hakuna penalti, hakuna kupiga shilingi. Mnacheza mpaka mmoja azidiwe. Na mchezaji akifikisha faulo tano, ndiyo basi, anaenda kukaa.

Dakika 40 zinaisha 71 kwa 71. Lakini ngoja, hazikuisha kirahisi hivyo. UConn walisawazisha ikiwa imebaki sekunde moja na ushee tu. Syracuse wakarusha mpira mrefu, ukaguswa, ukamdondokea Eric Devendorf, naye akauachia kutoka mbali kabisa. NDANI! Jamaa akapanda juu ya meza ya waamuzi kushangilia, uwanja umelipuka, watu wanajua imeisha. Waamuzi wakaenda kuangalia marudio ya video. Wakaangalia, wakaangalia. Taa imeshawaka na mpira bado umegusa ncha za vidole vyake. Kikapu kimefutwa. Fikiria umeshashangilia ushindi juu ya meza, halafu unaambiwa shuka, bado kuna kazi.

Na kazi ikaja. Ovataimu ya kwanza, 81 kwa 81. Ya pili, 87 kwa 87. Ya tatu, 98 kwa 98. Ya nne, 104 kwa 104. Ya tano, 110 kwa 110. Ukiiangalia leo unaona kabisa miguu inavyokufa. Watu wanaruka lakini hawapandi. Wakisimama kusubiri mitupo huru, wanashika magoti. Jonny Flynn, pointi gadi wa Syracuse, alicheza dakika 67 kati ya 70 na kufunga pointi 34. A.J. Price wa UConn akajibu kwa 33. Paul Harris wa Syracuse alimaliza na pointi 29 na ribaundi 22. Wachezaji nane walitolewa kwa faulo tano. Nane! Mwishoni makocha walikuwa wanaingiza watu ambao msimu mzima kazi yao ilikuwa kupiga makofi benchi.

Sasa kituko cha mechi hii: katika ovataimu zote tano za mwanzo, Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja. Kila mara UConn wanatangulia, kila mara Syracuse wanafufuka. Ya sita ilipoanza, Andy Rautins akapiga pointi tatu, Syracuse wakaongoza kwa mara ya kwanza tangu dakika za kawaida ziishe, na hapo mlango ukafungwa. 127 kwa 117. Ni ya pili kwa urefu katika historia ya ligi ya juu ya vyuo. Ndefu kuliko hiyo ni moja tu, Cincinnati na Bradley mwaka 1981, ovataimu saba, na yenyewe iliisha 75 kwa 73, kwa sababu zama zile timu ilikuwa inaruhusiwa kukaa na mpira tu bila kutupa.

Na Hasheem je?

Pointi 19, ribaundi 14, bloku 6. Hizo ndizo namba zake za usiku ule. Lakini namba hazisemi kila kitu, ndiyo maana ni muhimu kuangalia mechi yenyewe. Angalia wachezaji wa Syracuse wakikata kuelekea ringi. Wanafika pale ndani, wanamuona yule jamaa wa mita 2.21, na mikono inaanza kutafuta sehemu nyingine ya kupeleka mpira. Mitupo kibao iliharibika bila hata yeye kuugusa mpira. Hicho ni kitu ambacho karatasi ya takwimu haina sehemu ya kukiandika.

Halafu faulo ya tano ikamkuta. Akatoka. Ovataimu ya sita, ile ambayo Syracuse walifunga pointi 17 ndani ya dakika tano, Hasheem aliiangalia akiwa amekaa. Kila mtu achukue anachotaka hapo, ila mtu anayesema "Hasheem alifungwa ile mechi" inabidi aulizwe: Hasheem yupi? Yule aliyekuwa benchi?

Na tukumbushane huyu mtu alitokea wapi. Kazaliwa Dar, Februari 16, 1987. Mpira wa kikapu alianza kuugusa akiwa ni kijana wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza miaka kumi. Akaenda kusoma sekondari Houston, mwaka 2006 akaingia UConn. Ndani ya misimu mitatu akabloku mitupo 417, wa pili katika historia ya chuo hicho nyuma ya Emeka Okafor. Mara mbili mfululizo alikuwa beki bora wa Big East, na mwaka 2009 akashirikiana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa ukanda huo. Wiki chache baada ya ile mechi aliipeleka UConn nusu fainali ya taifa pale Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Juni 25, 2009, Memphis Grizzlies wakamchukua namba mbili, nyuma ya Blake Griffin.

Ishu ya Curry

Haya, tumalize hii kabisa maana ndiyo inayoleta kelele. Ni kweli, James Harden alichukuliwa namba tatu na Stephen Curry namba saba. Ni kweli NBA haikumwendea poa Hasheem. Februari 2010 Memphis walimshusha ligi ya maendeleo, akawa mchezaji aliyechaguliwa juu zaidi kuwahi kupelekwa huko. Akapita Houston, Portland, Oklahoma City, mechi 224 kwa jumla, wastani wa pointi 2.2. Baadaye akacheza Japan na Taiwan. Wamarekani wakimuorodhesha kwenye zile listi zao za "drafti zilizobuma", Bongo nako watu wanachukua skrinshoti na kucheka.

Lakini rudi kwenye ile mechi uangalie yule wa upande wa pili, Jonny Flynn, aliyecheza dakika 67 kama mashine. Unajua alichukuliwa namba ngapi drafti ile ile? Namba SITA. Moja mbele ya Curry. Nyonga ikamharibikia, na NBA ikamuisha baada ya misimu mitatu tu. Kwa hiyo wakali wawili wa usiku mmoja mrefu, wote walichaguliwa kabla ya Curry, na wote ligi kubwa haikuwalea. Hilo halifuti walichofanya usiku ule. Mechi nzuri haigeuki kuwa mbaya kwa sababu ya kilichotokea miaka miwili mbele. Mtu anayemcheka Hasheem bila kuangalia ile mechi ni sawa na mtu anayemcheka marehemu bila kujua aliishi vipi.

Sasa lile linalouma

Wabongo walioishabikia UConn kwa ajili ya Hasheem walikuwa wanashabikia chuo sahihi, ila timu waliyokuwa wanaiangalia siyo iliyokuwa inatisha zaidi pale chuoni.

Mji wenyewe unaitwa Storrs, kijisehemu kidogo tu ndani ya jimbo la Connecticut. Uwanja wa ndani wa chuo unaitwa Gampel Pavilion. Hapo hapo alipokuwa Hasheem anabloku watu, kulikuwa na timu ya wadada chini ya kocha Geno Auriemma. Msimu ule ule wa 2008/09 wadada wale walicheza mechi 39. Walishinda 39. Siyo hivyo tu: kila mechi, yaani KILA mechi, walishinda kwa tofauti ya pointi 10 au zaidi. Aprili 7, 2009, siku tatu baada ya kina Hasheem kutolewa Detroit, wadada walicheza fainali ya taifa pale St. Louis dhidi ya Louisville na kushinda 76 kwa 54. Tina Charles, binti wa mitaa ya Queens, New York, akafunga pointi 25 na kudaka ribaundi 19.

Kombe likaenda Storrs. Dar hakuna aliyejua. Kijiwe gani kilibishana kuhusu Tina Charles? Magazeti ya huku yalikuwa yanafuatilia Hasheem ataenda timu gani, na hiyo inaeleweka, ni mtoto wa nyumbani. Lakini mtu aliyekuwa anasema "mimi ni UConn damu" alikuwa na kombe mkononi na hakujua kama analo.

Mechi ya wadada ya kuangaliwa ni ya mwaka uliofuata

Fainali ya 2009 haina presha, walimaliza mchezo mapema. Kama unataka ile ya kukukalisha pembeni ya kiti, tafuta fainali ya 2010: UConn na Stanford, San Antonio, Texas, Aprili 6. Kwa Dar ilikuwa alfajiri ya Aprili 7, Siku ya Karume, sikukuu ya kitaifa. Yaani siku ambayo hakuna shule wala kazi, na bado mji mzima ulikuwa umelala.

Weka picha vizuri kwanza. UConn wanaingia wakiwa wameshinda mechi 77 mfululizo. Mara ya mwisho walipofungwa ilikuwa nusu fainali ya 2008. Nani aliwafunga? Stanford. Hao hao. Kwa hiyo hii haikuwa fainali ya kawaida, ilikuwa ni deni.

Na kipindi cha kwanza kikawa cha ajabu. Timu iliyokuwa inawafumua watu pointi 30 za tofauti ikasahau kufunga. Mtupo wa kwanza nje. Wa pili nje. Kuna kipande walikosa mitupo 18 mfululizo, unaangalia unadhani simu imekwama inarudia kitu kimoja. Mpaka mapumziko UConn walikuwa na pointi 12. Kumi na mbili, kwa dakika 20! Kipindi kibovu kuliko vyote katika historia ya timu ile, na kimekuja fainali. Stanford nao walikuwa na 20 tu, hivyo usidhani wao walikuwa wanang'ara. Ulikuwa ni mpira wa kukabana makoo, kila pointi kama ya kung'oa jino.

Hapa ndipo mtu anayependa mpira anatakiwa kutulia. Ukiwa mbovu kiasi hicho mbele, unafanya nini? UConn walichofanya ni kukaba. Mipira haiingii kwao, basi wakahakikisha haiingii na kwa wenzao. Timu mbovu kwenye kufunga mara nyingi inaacha na kukaba kwa hasira. Hawa hawakuacha, ndiyo maana tofauti ilikuwa nane tu badala ya ishirini.

Kipindi cha pili akaamka Maya Moore. Mwaka wa tatu chuoni, mchezaji ambaye hana papara hata kidogo. Akaanza kutupia kutoka mbali, akaingia ndani, akadaka ribaundi. Alimaliza na 23 na ribaundi 11, na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali zile. UConn waliokuwa na pointi 12 kwa dakika 20 wakafunga 41 kwenye dakika 20 zilizofuata. Stanford hawakukata tamaa, Kayla Pedersen alidaka ribaundi 17 peke yake, na mwishoni walisogea mpaka roho zikakaa juu juu. Ikaisha 53 kwa 47. Ushindi wa 78 mfululizo, msimu wa pili wa 39 bila kupoteza.

Na mnajua nani alikuja kuukata huo mnyororo? Ulifika mechi 90. Desemba 30, 2010, ukakatwa. Stanford tena! Wao ndio mlango wa kuingilia na wao ndio mlango wa kutokea. Filamu ya Bongo Muvi ikiandikwa hivyo watu watasema mwandishi kazidisha.

Weka sasa hizi mechi mbili pembeni kwa pembeni. Ya wanaume ina vurugu, meza, pointi 244 kwa jumla, watu wanadondoka. Ya wadada ina pointi 100 kamili ukijumlisha timu zote mbili. Mtu wa haraka haraka atasema ya kwanza ndiyo mechi. Lakini ile ya kwanza ilikuwa robo fainali ya ukanda, na aliyeshinda hakuchukua hata hilo kombe la ukanda, maana Syracuse walifungwa fainali na Louisville. Ya pili ilikuwa kombe la taifa, rekodi ya mechi 77 iko mezani, adui wa zamani yuko mbele, na mabingwa wamesahau kufunga. Presha ipi kubwa? Jibu unalo.

Pesa ziliongea lugha tofauti

Hasheem, namba mbili ya NBA 2009, mshahara wake wa msimu wa kwanza ulizidi dola milioni 4. Tina Charles, namba MOJA ya WNBA 2010, bingwa mara mbili bila kufungwa, aliingia kwenye ligi ambayo mshahara wa mchezaji mpya ulikuwa chini ya dola 50,000 kwa msimu. Chuo kile kile, uwanja ule ule wa mazoezi. Hapa hakuna wa kumlaumu Hasheem, alipewa kilichokuwa bei ya soko. Ila ukitaka kujua kwa nini jina moja lilifika Kinondoni na lingine halikufika, anzia hapo. Pesa ndiyo inayobeba matangazo, matangazo ndiyo yanayobeba majina.

Maya Moore naye alikuja kuchukua makombe manne ya WNBA akiwa na Minnesota Lynx. Halafu mwaka 2019, akiwa bado yuko kileleni, akaacha mpira kwenda kumpigania Jonathan Irons, mtu aliyefungwa jela kwa kosa ambalo siku zote alisema hakulifanya. Mwaka 2020 Irons akaachiwa huru, na baadaye wawili hao wakaoana. Renee Montgomery, aliyekuwa kwenye timu ya 2009, mwaka 2021 akawa mmoja wa wamiliki wa timu ya Atlanta Dream ambayo alikuwa anaichezea. Hizi ni stori ambazo kama zingekuwa za wanaume zingeshakuwa posti za motivesheni kila Jumatatu.

Ila upepo unageuka. Fainali ya vyuo ya wadada ya 2024, South Carolina na Iowa, iliangaliwa Marekani na watu karibu milioni 19, wengi kuliko walioangalia fainali ya wanaume mwaka huo. Hiyo haijawahi kutokea kabla. Mpira wao haukuanza kuwa mzuri 2024, ila 2024 ndiyo watu wengi walifungua macho.

Na huku kwetu?

Hapa ndipo stori inaacha kuwa ya Marekani. Ligi ya kikapu ya Dar, BDL, ina upande wa wanawake. JKT Stars, Vijana Queens, DB Lioness, Jeshi Stars, Ukonga Queens, Tausi Royals, hizo ni timu, zina wachezaji, zina wafungaji bora na upinzani wao wa kweli. Wanacheza kwenye viwanja hivi hivi vya Don Bosco ambavyo vijana wa Kinondoni na Temeke wanapanda daladala kwenda kumuangalia mwanaume akidanki. Jiulize tu: unaweza kutaja mchezaji mmoja wa JKT Stars kwa jina? Na unaweza kutaja wangapi wa Lakers?

Kwenye soka angalau watu wamestuka kidogo. Agosti 2022 Simba Queens walibeba kombe la CECAFA pale Chamazi, Temeke, wakaenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika na kumaliza wa nne, mara yao ya kwanza kushiriki. Oktoba mwaka huo huo Serengeti Girls wakaifunga Ufaransa 2 kwa 1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 na kufika robo fainali. Ila ubishi wa kijiweni wa mwaka 2022, mtu akiukumbuka leo, ulikuwa kuhusu nini? Derby ya wanaume.

Na hapa hakuna anayekuja kulazimishwa kupenda kitu. Mpira haupendwi kwa huruma. Ndiyo maana ushauri ni mwepesi: angalia. Hasheem amechekwa miaka kumi na zaidi na watu ambao hawakuiangalia mechi yake. Wadada wa chuo chake hawakuchekwa, wao walipitwa tu, na kupitwa ni kubaya zaidi kwa sababu hata ubishi haupo. Mwaka 2009 watu walikuwa na kisingizio, mkongo ulikuwa haujafika, mechi zinachezwa alfajiri, intaneti kafe imefungwa. Leo bando unalo, na linaisha kwa kuangalia watu wanagombana kwenye laivu za Insta.

Wikiendi hii chukua masaa mawili. Angalia Stanford na UConn 2010, usiruke kipindi cha kwanza hata kama kinachosha, maana bila zile pointi 12 huwezi kuelewa zile 41. Halafu ukipata nafasi sogea Don Bosco siku ya mechi za wadada, ukashike angalau jina moja. Ili siku yule mjuaji wa kijiweni akianza na "mimi ile ya ovataimu sita niliiona laivu", umuulize taratibu: "Sawa kaka. Na kombe la UConn mwaka ule nani alichukua?"

Haya wadau, dondosha komenti: mchezaji gani wa kike wa kikapu hapa Dar anastahili kujulikana mji mzima? Taja jina na timu, na usitaje kwa sababu ni mzuri wa sura. Taja anachofanya uwanjani.